Lenzi Kwanza, Bodi Baadaye: Hesabu ya Kamera Mjini Kolwezi

Mpiga picha wa Kolwezi anayeishi kwa harusi, sherehe za mahari, komunyo za watoto na mahafali, akifikia hatua ya kubadilisha kamera huuliza swali moja: abaki na DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, au ahamie kwenye zile zisizo na kioo? Kwa upande wa ufundi swali hilo limekwisha kujibiwa. Bodi kubwa za DSLR za karibuni zaidi, EOS-1D X Mark III ya Canon na D6 ya Nikon, ni za mwaka 2020, na tangu hapo juhudi za viwanda hivyo zimeelekea kwenye kamera zisizo na kioo. Lakini kamera iliyo bora ni jambo moja, na namna bora ya kutumia dola ulizojinyima miezi mingi ni jambo lingine. Kwa mwenye DSLR ya Canon ambayo bado inafanya kazi, naona fedha za kwanza ziende kwenye lenzi yenye uwazi mkubwa, na bodi isiyo na kioo ifuate baadaye. Wengi hufanya kinyume, na hasara yake inaweza kupigiwa hesabu.

Tuseme mtu ana DSLR ya Canon 750D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Picha zinazomwaibisha ni za usiku: ukumbi wenye taa za rangi, jenereta inanguruma nje, maharusi wanaingia wakicheza, na picha zinatoka zimejaa chengachenga au zimetikisika. Anauza anachoweza kuuza, ananunua EOS RP, kamera ya Canon isiyo na kioo yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, anaongeza adapta, kisha anafunga lenzi ileile kwa sababu fedha zimekwisha. Kinachotokea hakimo kwenye tangazo. Lenzi hiyo ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, kwa hiyo kamera hukata kingo za picha yenyewe na kutumia sehemu ya katikati tu. Megapikseli 26 zinabaki kama 10. Sehemu ya sensa inayopokea mwanga sasa inalingana na ile ya 750D, na lenzi ikivutwa hadi milimita 55 bado haifunguki kupita f/5.6. Amelipia bodi mpya, na ukumbi umebaki na giza lilelile.

Sasa tuchukue fedha pungufu ya hizo, tununue lenzi ya EF 50mm f/1.8 na kuifunga kwenye 750D ileile. Mwanga unaopita kwenye lenzi hulinganishwa kwa mraba wa uwiano wa namba za f: 5.6 gawanya kwa 1.8, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe, unapata karibu mara 10. Kuhama kutoka sensa ndogo ya Canon kwenda ile kubwa, hata ukiwa na lenzi inayoijaza yote, kunaongeza mwanga takriban mara mbili na nusu tu. Mwenye uwezo wa kununua vyote viwili kwa mkupuo hana haja ya mjadala huu. Asiye na uwezo huo achague kati ya mara 10 na mara mbili na nusu, na bei ya mara 10 ndiyo ndogo.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii linahusu fokasi, na linastahili kujibiwa kwa makini. Ndani ya DSLR mwanga hupigwa na kioo kwenda juu kwenye kitazamio, na sehemu yake hupita hadi kwenye kioo kidogo cha nyuma kinachoushusha kwenye sensa ya fokasi iliyo chini ya bodi. Kwa hiyo kamera inapima ukali wa picha mahali pamoja na kupiga picha mahali pengine. Njia hizo mbili zikitofautiana hata kidogo, fokasi inaangukia nyuma ya jicho au mbele yake. Kwenye f/5.6 kosa hilo linajificha, kwenye f/1.8 linaonekana wazi, kwa kuwa eneo lililo kali ni jembamba mno. Kamera isiyo na kioo inapimia kwenye sensa ileile inayopiga picha, na nyingi za sasa hulifuata jicho la bibi harusi zenyewe. Ubora huo ni wa kweli, wala sina sababu ya kuupunguza. Ila lenzi ya f/1.8 hailazimiki kutumiwa kwenye f/1.8. Ukiibana hadi f/2.8 fokasi inapata nafasi ya kutosha, na bado unapokea mwanga mara 4 ya ule wa f/5.6, yaani zaidi ya faida yote ya sensa kubwa. Na maharusi wakiwa wametulia kwa picha ya pamoja, washa skrini ya nyuma: kioo kinainuka, na DSLR yako inapimia fokasi kwenye sensa kama ile nyingine. Wanaofuata njia ya mpiga picha Sammy Baloji wa Lubumbashi, ambaye katika mfululizo wake wa Mémoire aliunganisha picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni na picha zake za mitambo iliyochakaa ya kampuni ya madini ya Gécamines, ndio wasiohitaji kabisa kuharakisha: majengo na mashimo hayasogei, na stendi inawatosha.

Kisha kuna Kolwezi yenyewe. Kiangazi, malori ya madini yakipita, vumbi jekundu la barabarani huingia kila mahali, na kwenye bodi isiyo na kioo hakuna kioo wala, mara nyingi, shata iliyofungwa mbele ya sensa unapobadilisha lenzi. EOS R, nyingine ya Canon isiyo na kioo, hushusha shata inapozimwa. RP haifanyi hivyo. Mtu anaweza kusema kwamba ushauri wangu ndio unaoleta balaa, maana mwenye lenzi mbili atazibadilisha mara nyingi kuliko mwenye moja. Ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kutoiuza DSLR hata bodi mpya ikija. Kila bodi ikae na lenzi yake tangu asubuhi hadi usiku, na mdomo wa kamera usifunguliwe nje.

Umeme nao una hesabu yake. Canon 6D Mark II, ambayo ni DSLR, na EOS R zinatumia betri ileile, LP-E6N. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, ya kwanza inapiga picha 1,200 kwa chaji moja kupitia kitazamio, na ya pili 370, kwa sababu sensa na skrini zinawaka muda wote. Kazini namba hupanda kwa zote mbili, lakini pengo linabaki. Mahali ambapo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, betri tatu badala ya moja ni gharama ya kuandikwa kwenye bajeti kabla ya kununua bodi. Na inauma kuzilipia ghali hapa, kwani betri za aina hii mara nyingi zina kobalti ndani, na Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa ikitoka mkoa huu wa Lualaba.

Wapo watakaosema kununua lenzi ya DSLR leo ni kuwekeza kwenye kitu kinachokufa. Kinachokufa ni bodi. Mfumo wa lenzi za EF ulianza 1987, na kutoka mdomo hadi sensa ulihitaji milimita 44. Mfumo mpya wa RF unahitaji 20. Adapta ya Canon ni bomba tupu linalojaza milimita 24 zilizobaki, lenye nyaya za kupitisha mawasiliano na lisilo na lenzi ndani yake ya kuharibu picha. Lenzi utakayonunua sasa itavuka nayo na fokasi itafanya kazi. Mwenye Nikon asichukue maneno haya kama yalivyo: adapta ya FTZ haina mota, hivyo lenzi za zamani za AF-D zitabaki kuzungushwa fokasi kwa mkono. Asome herufi za AF-S au AF-P kwenye lenzi kabla ya kutoa fedha.

Hoja yangu inakoma kwenye video. DSLR inaporekodi, kioo huinuka na kitazamio huwa giza, kwa hiyo mpigaji anabaki na skrini ya nyuma, ambayo juani haisomeki. Bodi nyingi za zamani pia hutafuta fokasi mbele na nyuma mbele ya macho ya mtazamaji, ingawa Canon ilianza kulitibu hilo mwaka 2013 kwa 70D. Mpiga picha ambaye wateja wake wanalipia filamu ya harusi kuliko albamu aanze na bodi isiyo na kioo, na adapta aiagize siku hiyohiyo pamoja na lenzi moja ya EF isiyo EF-S, hata ikiwa ya mtumba, ili asiishie kurekodi kwa kipande cha sensa alichokwisha kulipia chote.