Daftari Lilelile, Macho Mengine

Sinema ya Kihindi Taare Zameen Par, aliyoiongoza Aamir Khan mwaka 2007, yafaa itazamwe na kila mwalimu. Ishaan, mtoto wa darasa la tatu, hugeuza herufi na kuzichanganya. Walimu humwita mvivu na mkaidi; baba yake asadiki, ampeleka shule ya bweni. Huko Nikumbh, mwalimu wa kuchora, afungua madaftari yake, aona makosa yaleyale yakirudi. Basi si uvivu, ni disleksia: ugumu wa kusoma na kuandika usiopunguza akili.

Hapo sinema yasema kweli. Lakini Nikumbh alitambua kwa kuwa naye aliteswa na shida hiyo utotoni. Wenzake watatambuaje wasipofundishwa? Tena mwishoni Ishaan ashinda mashindano ya kuchora, wote wampigia makofi. Je, mtoto mwenye shida hiyohiyo asiye na kipaji cha kushangaza watu, akae wapi? Nafasi darasani si zawadi ya washindi, ni haki ya kila mtoto. Mwalimu, kabla ya kuandika «mvivu», soma daftari mara ya pili.