"Inachomoka" ao "inachomolewa"?

Wenzangu wa agronomia, tusome vizuri karatasi zetu za Kiswahili mbele ya kuzigawa ku shamba. Moja niliyopewa hapa Kalehe, ya pompi ya mgongoni ya kupuliza dawa, ilitafsiriwa toka Kifaransa. Penye iliandikwa "amovible", waliweka "mdomo unaochomoka". Mama mmoja akaniuliza: "Agronomu, kama inachomoka, mbona munatuletea kitu yenye imekufa?"

Alisema kweli. Mpini ukichomoka ku jembe, hakuna mutu ameuchomoa. Umejitoa wenyewe katikati ya kazi. Ukichomolewa, kuna mkono. Kuna pia "kuchomoleka", ila hapa kwetu watu wanasema tu "unaweza kuchomoa", na mimi naipenda hiyo, sababu inamtaja mwenye kufanya. Tena, tuseme ukweli, mdomo wa pompi hauchomolewi hata: unafunguliwa kwa kuzungusha, ukiziba usafishwe. Mdomo wenye kuchomoka wakati pompi iko na presha utakumwangia sumu mikononi.

"Réglable" ndiyo waliiharibu zaidi. "Inayorekebishwa", waliandika, utadhani kitu chenye kosa. Mkanda wa pompi unakazwa ao unalegezwa kufuata mgongo wa mwenye kuibeba. Mdomo unauzungusha kidogo, dawa inatoka nyembamba ao inatawanyika. Kifaransa kinatosheka na neno moja kwa yote mawili. Kiswahili kinadai useme mkono unafanya nini. Karatasi ile ningeiandika upya yote kwa vitenzi hivyo, hata kama inaongeza ukurasa.