Usiku Ulifungwa, Barabara ya Thika Ikaachwa Wazi

Hotuba ya Jumatano ile, Machi 25, 2020, mliitazama, kwa hivyo sitaisimulia upya. Nitaikagua. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa na wagonjwa 28 wa corona waliothibitishwa nchi nzima, wengi wao wakiwa wasafiri waliotoka ng'ambo au watu waliokutana nao. Mezani alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inayoipa serikali uwezo wa kulifunga eneo lenye ugonjwa na kumfuata mgonjwa hadi mlangoni kwake. Ya pili ni Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1950 kwa ajili ya fujo na maandamano.

Akachukua ya pili. Kafyu kuanzia Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, Turkana sawa na Nairobi, Mutuati sawa na Eastleigh. Barabara ya kutoka Nairobi haikuguswa hadi jioni ya Aprili 6. Hilo ndilo kosa, na sitalizungukazunguka: serikali ilifunga saa ambazo watu wa Meru na Embu wamelala, ikaacha wazi saa ambazo ugonjwa ulikuwa unasafiri kuelekea kwao.

Fikirieni hali ya Tea Room, kituo cha matatu cha Nairobi, wiki ile. Shule zilikuwa zimefungwa tangu tangazo la Machi 15, vyuo vikuu vilikuwa vimewatoa wanafunzi kufikia Machi 20, mikahawa na mabaa havina kazi, vibarua wa viwandani wamerudishwa nyumbani. Kodi ya nyumba inakuja mwisho wa mwezi. Mtu aliyetoka Runyenjes au Nkubu kutafuta riziki Nairobi angefanya nini? Angepanda gari arudi kwao, ambako kuna ndizi shambani na paa lisilolipiwa. Tangazo la kafyu likamwongezea haraka, kwa sababu kila Mkenya mwenye akili alielewa kwamba baada ya kafyu itafuata amri ya kufunga miji. Serikali ikamwambia abaki Nairobi, lakini kwa maneno tu. Waziri Mutahi Kagwe aliwasihi watu wasiupeleke ugonjwa kwa wazazi wao kijijini. Kumsihi mtu ni kazi ya padri. Waziri wa afya mwenye Sura ya 242 mkononi ana zana nyingine.

Gari la abiria 14 liliamriwa kubeba 8, na amri hiyo ilikuwa na maana. Lakini hata wanane, katika gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya mlimani, kupitia Makutano ya Mwea, Embu mjini, Chuka na daraja la Nithi hadi Meru, wanavuta pumzi moja kwa saa nne na zaidi. Virusi hivi huambukiza kwa pumzi na ukaribu, na hufanya hivyo mchana kama usiku. Kafyu ilimtaka abiria huyo afike tu kabla ya saa moja. Akaondoka mapema zaidi, katika msongamano mkubwa zaidi, na soko la Embu lililokuwa likitawanyika taratibu hadi usiku likawa linamwaga watu wote kwa pamoja saa kumi jioni ili wawahi magari. Mtu yeyote anayejua hesabu ya maambukizi anajua kwamba kuwabana watu wale wale katika saa chache kunaongeza mikutano yao.

Sasa hesabu yenyewe. Kutoka Machi 25 hadi Aprili 6 ni siku 12. Kwa corona ya mwaka ule, kutoka mtu mmoja kuambukizwa hadi yeye kumwambukiza mwingine zilipita takriban siku tano. Kwa hivyo dirisha lile liliruhusu vizazi viwili vya maambukizi, na pengine mwanzo wa cha tatu. Idadi ya waliothibitishwa ilitoka 28 ikafika 158. Najua sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na wasafiri waliokuwa karantini ya lazima kupimwa, na sitawalaumu watu wa Tea Room kwa wagonjwa wa mahotelini. Lakini Aprili 6 Rais mwenyewe alitaja takwimu inayoimaliza kesi hii: asilimia 82 ya wagonjwa walikuwa katika eneo la jiji la Nairobi, na asilimia 14 katika Mombasa, Kilifi na Kwale. Jumlisheni. Kama asilimia 96 ya ugonjwa ilikuwa katika maeneo mawili yanayojulikana, kafyu ya Siakago na Laare ilikuwa inamzuia nani?

Amri yenyewe ya Aprili 6, ya kulifunga eneo la Nairobi, ilikuwa nzuri. Mpaka uliwekwa wazi, kizuizi kikakaa daraja la mto Chania pale Thika, mizigo ikaruhusiwa kupita, watu wakazuiwa, siku nne kabla ya Ijumaa Kuu. Kama ingetolewa Machi 25, safu hii isingeandikwa.

Narudi kwenye sheria, maana mkono uliotia sahihi unaonyesha fikra iliyoongoza. Amri ya kafyu ilitolewa na Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i. Wizara ya Afya ilibaki kusoma takwimu kila jioni, na Wizara ya Usalama ikashika uwanja. Tangu siku hiyo mtekelezaji mkuu wa vita dhidi ya ugonjwa akawa askari mwenye rungu, mtu ambaye hakufunzwa kumuuliza raia alikutana na nani wiki iliyopita. Jioni ya kwanza tu, pale kivuko cha Likoni, polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi abiria waliokuwa wakiharakisha kuvuka. Gesi hiyo inawafanya watu wakohoe, wapige chafya na wajifute macho kwa mikono, katikati ya umati. Sijui daktari gani angeidhinisha hilo. Siku tatu baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi. Aprili 16 Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu ilikuwa halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi zilivunja Katiba. Uamuzi ulisomwa, na zana ikabaki mikononi mwa wale wale.

Ikabaki kwa miezi mingi sana, mpaka ikafika Kianjokoma. Usiku wa Agosti 1, 2021, ndugu wawili, vijana wa chuo, walikamatwa na polisi katika soko hilo la Embu kwa madai ya kukiuka kafyu. Miili yao ilipatikana katika chumba cha maiti cha hospitali ya Embu. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Mwanakijiji mwingine alipigwa risasi akafa wakati watu walipoandamana kudai haki. Wapo watakaoniambia kwamba hilo ni suala la polisi na halihusiani na uchambuzi wa ugonjwa. Nalikataa jambo hilo kabisa. Vijana wale walikamatwa chini ya amri iliyotolewa kwa jina la afya yangu na yako. Anayechambua hatua za serikali dhidi ya ugonjwa na kuiacha Kianjokoma nje ya hesabu amechambua nusu ya kazi.

Na neno kafyu, kwa wazee wa mlima huu, lilikuwa na historia kabla ya corona kuzaliwa. Baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, watu wa Embu na Meru walikusanywa katika vijiji vya lazima, wakahesabiwa, wakafungiwa ndani, na aliyeonekana nje saa za kafyu alipigwa risasi bila maswali. Ukimpelekea bibi wa miaka 80 wa Manyatta amri yenye jina hilo, inayosimamiwa na sare hiyo, hatakusikia ukisema afya. Atafunga mlango na kunyamaza, na atamwagiza mjukuu wake aliyetoka Nairobi usiku anyamaze pia. Ufuatiliaji wa ugonjwa unaishi kwa watu kusema. Hapo ndipo kafyu ilipoharibu kazi ambayo hata wizara ilitaka ifanyike.

Kwani mbinu ya kuwafanya watu waseme ilikuwapo, na si ngeni kwetu. Chogoria, hapo katikati ya Meru na Embu, hospitali ya misheni chini ya Dkt. Geoffrey Irvine ilijenga miaka ya 1970 na 1980 mtandao wa wahudumu wa afya wa vijijini uliosifiwa hata nje ya nchi kwa kazi ya uzazi wa mpango. Wahudumu hao walikuwa majirani. Walijua nani ana mtoto mchanga, nani amerudi kutoka mjini, nani ameacha kwenda kliniki. Hawakuwa na bunduki wala king'ora na milango ilifunguliwa. Ndiyo maana nimeshikilia kwa miaka, na nitaendelea kushikilia, kwamba mlima huu ulikuwa na shule ya afya ya jamii ambayo taifa liliisifu kisha likaisahau.

Mkitaka shujaa wa mlipuko, mtazameni Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu. Oktoba 2000 aliitwa arudi kutoka masomoni Kampala kwa sababu wauguzi walikuwa wanakufa. Alikaa na mafaili usiku, akaona mfanano wa dalili, akashuku homa ya kutoka damu, na akafungua wodi ya kutenga wagonjwa kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha Ebola. Hakusubiri idadi ikue ndipo aamini. Alianza na mgonjwa, akamfuata aliyemgusa mgonjwa, kisha aliyemgusa huyo. Ebola ile iliua watu 224 kati ya 425 waliougua, na Desemba 5 ikamuua yeye mwenyewe. Lakini ilizimwa kwa mpangilio huo: mtu kwanza, kisha waliotangamana naye, kisha mahali. Nairobi mwaka 2020 ilianza na saa za usiku.

Tungefanya nini huku kwetu Machi 25? Kizuizi cha Chania siku hiyo hiyo jioni. Kwa waliokwisha kupita, daftari. Chifu, naibu wake, mzee wa nyumba kumi na mhudumu wa afya wanajua kwa jina kila aliyeshuka na begi Ishiara, Kiritiri, Igoji au Maua wiki ile. Wangeandikwa, wangeombwa wakae nyumba tofauti na wazee kwa siku 14, wangeletewa unga na nambari ya kupiga wakihisi homa. Hilo lingegharimu pesa kidogo kuliko mafuta ya magari ya doria. Na wahudumu hao wangepewa posho, jambo ambalo kaunti zetu zilikuwa zimelikwepa tangu afya igatuliwe.

Hapa siwezi kuzipita zile mashine za kukodi. Mwaka 2015 serikali kuu ilisaini mikataba ya vifaa vya hospitali ya shilingi bilioni 38, kila kaunti ikakatwa mamilioni kila mwaka, itake isitake. Corona ilipofika, sampuli ya mtu wa Meru ilibidi isafirishwe hadi Nairobi kupimwa, kwenye barabara ile ile, na majibu yasubiriwe. Tulilipia miaka mitano ya vifaa vya kung'aa, tukakosa mashine moja tuliyoihitaji siku tuliyoihitaji. Wauguzi wa Embu Level 5 na wa hospitali ya rufaa ya Meru walifanya kazi kubwa na wodi za kutengea wagonjwa zikaandaliwa. Hilo nalikubali.

Utetezi wa serikali naujua: Meru na Embu hazikuonyesha wagonjwa wengi miezi ile ya mwanzo, kwa hivyo dirisha la siku 12 halikudhuru. Lakini huwezi kuonyesha usichopima. Na wengi wa waliosafiri wiki ile walikuwa vijana, ambao huugua kidogo au hawaugui kabisa huku wakiambukiza. Kama tuliponea, tuliponea kwa umri wa watu wetu na kwa maisha ya nje, shambani na kibarazani. Kafyu haikuhusika na hayo.

Utetezi wa pili ni wa uchumi, kwamba kufunga Nairobi mapema kungeua biashara. Waulizeni wakulima wa miraa wa Igembe. Somalia ilisimamisha ndege Machi 2020, na soko lile la miraa halikufunguliwa hadi Julai 2022. Wakati huo huo kafyu ilipiga usafiri wa usiku wa zao linaloharibika ndani ya siku mbili hata likifungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Kizuizi cha Chania kiliruhusu mizigo, na kingeruhusu hata kikiwekwa Machi. Aliyeumia zaidi ni yule aliyefungiwa usiku bila kukingwa mchana.

Rais aliiondoa kafyu Oktoba 20, 2021, uwanjani Wang'uru, Mwea, hatua chache kutoka mpaka wa Embu, ikiwa imekaa karibu miezi 19. Sura ya 56 bado iko vitabuni kama ilivyokuwa, na waziri wa usalama bado anaweza kuitumia kesho kwa jina la ugonjwa wowote. Bunge lina kazi moja rahisi hapa: liandike katika Kifungu cha 8 kwamba kafyu haitatangazwa kwa sababu ya maradhi bila sahihi ya Waziri wa Afya na ya gavana wa kaunti inayofungwa, na kwamba muda wake usizidi siku 14 bila takwimu za kaunti hiyo kuwekwa mezani.