Jinsi Hataza ya Dawa ya Kichocho Ilivyopitiwa Ubavuni

Kwa wakazi wa Nyegezi na mwambao wote wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza, kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kazini na wa nyumbani kwa pamoja. Mvuvi huupata akisukuma mtumbwi, mama akifua, mtoto akioga penye konokono wanaobeba vimelea. Kwa zaidi ya miaka 40 tiba yake tegemeo imekuwa dawa moja tu, prazikwanteli. Ilizaliwa ndani ya hataza ya viwanda vikubwa vya Ujerumani, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kidonge chake cha miligramu 600 kilinunuliwa kwa miradi ya Afrika kwa takriban senti nane za dola ya Marekani. Wengi hueleza mteremko huo wa bei kwa sentensi moja: muda wa hataza uliisha. Ukifuata tarehe na madai ya hataza zenyewe, utaona mambo yalikwenda vingine. Ushindani ulianza hataza zikiwa bado hai, na aliyeuanzisha alipita mahali ambapo sheria ya nchi yake haikuwa imefunga.

Maombi ya kwanza yaliwasilishwa Ujerumani na Merck ya Darmstadt mwezi Desemba 1973, na hataza ya Marekani ikatolewa Januari 1977. Bayer ilishirikiana na Merck kuipima dawa dhidi ya minyoo, kwanza kwa wanyama, kisha kwa binadamu. Sasa, mtu anayetaka kujua hataza kama hii inazuia nini hapaswi kuishia kwenye jina la dawa wala kwenye maelezo marefu ya wavumbuzi. Nguvu ya kisheria imo kwenye madai, yaani zile sentensi zenye namba zinazotaja kile mwenye hataza anachokimiliki. Urefu wa wavu haukuambii atanaswa samaki gani. Ni ukubwa wa matundu yake unaokuambia, na madai ndiyo matundu ya hataza. Dai linaweza kushika molekuli yenyewe, au njia ya kuitengeneza, au matumizi yake kwa ugonjwa fulani, au namna kidonge kilivyoundwa. Anayemiliki molekuli amezuia kila njia ya kuifikia. Anayemiliki njia amezuia njia hiyo peke yake. Tena dai lilelile halina nguvu ileile kila nchi, kwa kuwa kila nchi huamua kitu gani kinastahili kulindwa. Ujerumani yenyewe, nchi ya viwanda vya kemikali, haikuwa ikitoa hataza kwa kemikali kama bidhaa hadi sheria ilipobadilishwa miaka ya mwisho ya 1960.

Korea Kusini ndiko tofauti hiyo ilikofanya kazi. Watu wa huko walikuwa wakisumbuliwa na minyoo bapa ya ini, inayopatikana kwa kula samaki wabichi wa mtoni, na prazikwanteli iliwafaa sana. Hadi Julai 1987 sheria ya Korea ilitambua hataza ya njia ya kutengeneza dawa, siyo ya dawa kama bidhaa. Kampuni ya Shin Poong, ikishirikiana na taasisi ya taifa ya sayansi na teknolojia, KIST, ikatafuta njia nyingine, na kufikia 1983 ilikuwa nayo. Njia ya Kijerumani ilianzia kwenye kemikali iitwayo isokwinolini, ikapitia hatua ya sianidi na nyingine ya haidrojeni kwa shinikizo kubwa, na hatua hizo zinadai mitambo ya gharama. Wakorea walianzia kwenye fenetilamini, kemikali ya kawaida sokoni, wakaunganisha vipande hatua kwa hatua na kufunga pete za molekuli mwishoni. Mwisho wa njia zote mbili ni prazikwanteli ileile. Mbele ya sheria ya Korea, hata hivyo, ya pili haikugusa dai la ya kwanza, na Shin Poong wakaipatia hataza yao wenyewe. Kazi hii naiheshimu kwa dhati, maana iliunganisha usomaji makini wa sheria na kemia nzuri, na njia iliyopatikana ilikuwa nafuu kuliko ya mvumbuzi.

Mtu anaweza kupinga akisema hayo yalikuwa ya Korea, na kwamba dunia ilisubiri hataza ife. Upande mmoja wa pingamizi hilo ni wa kweli. Hataza ya Marekani, kwa hesabu ya miaka 17 ya sheria ya wakati ule, ilikuwa hai hadi 1994, na bidhaa ya Korea isingeweza kuingia huko. Lakini soko kubwa la kichocho halikuwa Marekani wala Ujerumani. Lilikuwa katika nchi kama Misri, ambayo sheria yake ya 1949 nayo ililinda njia tu upande wa dawa. Kampuni ya EIPICO ya Misri ikatengeneza vidonge kwa malighafi na jina la Shin Poong, Distocide, vikashindana na Biltricide ya Bayer. Kwa hiyo hataza za nchi tajiri zilipofika mwisho, mshindani hakuwa anaanza kujifunza. Alikuwa na mtambo, wateja na uzoefu wa miaka kumi. Tanzania, iliyokuwa miongoni mwa nchi sita za kwanza kusaidiwa na SCI, mpango wa kimataifa wa kudhibiti kichocho ulioanza mwaka 2002, ilivuna matunda ya ushindani huo. Hataza ikifa mahali ambapo hakuna kiwanda cha pili kilicho tayari, bei haina sababu ya kushuka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila hataza, nani angeitafuta molekuli hiyo? Nakubali kwamba matarajio ya faida yaliendesha maabara za Darmstadt. Ila faida iliyowavuta ilikuwa ya soko la mifugo na wanyama wa nyumbani wa nchi tajiri, na mvuvi wa ziwani alinufaika baadaye. Historia ya dawa hii basi inaonyesha kwamba hataza huzaa dawa palipo na mnunuzi. Haionyeshi kwamba wigo wa hataza ulio mpana kupita kiasi ungemfaa asiye na fedha.

Wengine watasema mjadala umepitwa na wakati kwa sababu Merck sasa hutoa dawa bure. Ni kweli. Mkataba wake na Shirika la Afya Duniani ulianza 2007, na ahadi ilipandishwa hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Vidonge hivyo vimeelekezwa zaidi kwa watoto wa umri wa shule, wale wanaopewa kingatiba darasani baada ya kupimwa urefu. Mwongozo wa shirika hilo wa 2022 unataka tiba ya umma ifikie kuanzia watoto wa miaka miwili hadi watu wazima. Mvuvi wa kilo 60, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kilo, anahitaji vidonge vinne, na asipoguswa na msaada huo, vidonge vyake vitatoka kwenye ununuzi wa kawaida. Hapo idadi ya viwanda vinavyoshindana inarudi kuwa jambo la afya. Wala haitoshi kutegemea ruhusa ya Shirika la Biashara Duniani kwa nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, kutolinda hataza za dawa hadi mwanzoni mwa 2033. Uganda iliiandika ruhusa hiyo katika sheria yake ya 2014, na ilifanya vyema. Lakini malighafi ya prazikwanteli hutengenezwa Asia, kwa hiyo mchambuzi wa Mwanza asome daftari la hataza la BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, la ARIPO, shirika la hataza la kikanda kule Harare, na pia la nchi anakotoka muuzaji.

Uwanja mpya ni wa kidonge cha watoto wadogo. Molekuli ya prazikwanteli ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Moja huua minyoo, nyingine inachangia zaidi uchungu mdomoni. Sura inayofanya kazi ndiyo arprazikwanteli, iliyotengenezwa kuwa kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Ushirika ulioundwa 2012, wenye Merck na Astellas ndani yake, uliipitisha kwenye majaribio Ivory Coast na Kenya, ng'ambo ya ziwa hilihili. Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Mei 2024.

Ukitaka kupima wigo hapa, anza na kilicho huru. Molekuli ya 1973 haina mwenyewe tena. Njia za kutenganisha sura zile mbili ziliwekwa hadharani na watafiti waliofanya kazi wazi mtandaoni, wakiongozwa kutoka Sydney, na kuchapishwa 2011. Kilichokwisha kuchapishwa hakiwezi tena kudaiwa kama uvumbuzi mpya. Zinazobaki ni tabaka za juu: njia bora zaidi ya kutenganisha, umbo la fuwele, mchanganyiko unaoficha ladha. Dai la tabaka hizo humzuia anayenakili kidonge kilekile, lakini halimzuii anayebuni kingine chenye sura ileile ya dawa. Kwa kiwanda cha Universal kilichoko Kikuyu, Kenya, kilichochaguliwa kupokea teknolojia ya kidonge hicho, uzito uko kwenye leseni kuliko hataza: nchi zipi kinaruhusiwa kuziuzia, malighafi kinalazimika kuinunua kwa nani, na kama Bohari ya Dawa ya Tanzania inaweza kuagiza moja kwa moja.