Taipureta iliweza, kompyuta ikakataa: kisa cha ĩ na ũ

Fanya jaribio dogo. Kwenye kompyuta ya Windows, chagua mpangilio wa kibodi unaoitwa United States-International, bonyeza tilde (~, kile kiwimbi), kisha n. Unapata ñ, safi kabisa. Rudia na a, unapata ã. Sasa rudia na u. Unapata ~u: kiwimbi huku, herufi kule, kama majirani waliokosana.

Anayeandika Kireno au Kihispania hana shida hapo. Anayeandika Kikuyu ndiye anayekwama, maana lugha hiyo ina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Si mapambo hayo. Ĩ hutamkwa karibu na e, ũ karibu na o. Ndiyo maana jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o si "ngu-gi" kama wengi wetu tunavyolisoma, bali linakaribia "ngo-ge". Kikamba, Kiembu na Kimeru nazo hutumia herufi hizohizo.

Utetezi tunaousikia ni huu: kibodi ilibuniwa kwa lugha za Wazungu, basi tuvumilie. Mimi siukubali, na historia ya kitufe chenyewe inaukana. Kwenye taipureta za lugha zenye alama, kitufe cha alama kiliitwa kitufe mfu. Ukikibonyeza, alama inagonga karatasi lakini karatasi haisogei, kwa hiyo herufi inayofuata inaangukia palepale, chini ya alama. Mashine haikuuliza ni herufi gani. Kiwimbi juu ya u, juu ya k, hata juu ya alama ya kuuliza ukipenda! (Kwenye herufi kubwa alama iliweza kuipanda herufi kichwani, lakini angalau haikukataa.)

Kompyuta ikarithi jina na tabia ya kitufe hicho, ila ndani hakuna chuma kinachogonga kitu. Kuna jedwali tu: tilde na a ni ã, tilde na n ni ñ, tilde na o ni õ. Kisichoandikwa humo hakipo. Na hizo tatu ndizo pekee zenye tilde katika ISO 8859-1, orodha ya herufi ya mwaka 1987 iliyolenga lugha za Ulaya Magharibi. Orodha hiyo ilikuwa na nafasi 256 tu, kwa hiyo wakati ule kubana kulieleweka. Lakini leo? Unicode imezipa ĩ na ũ namba zao, U+0129 na U+0169, na kwa kuwa Kivietinamu nacho kinazihitaji, fonti nyingi tayari zinazo. Jedwali ndilo lililobaki mwaka 1987. Kwenye Linux, tilde ikifuatwa na u inatoa ũ bila maneno. Kwenye Mac, mpangilio wa ABC – Extended nao unakubali. Kinachokosekana ni mistari minne: ĩ, Ĩ, ũ, Ũ.

Gharama yake si ya macho tu. Mmoja anaandika "Gikuyu" kwa kukata tamaa. Mwingine ananakili ũ kutoka mahali fulani. Wa tatu anatumia u ya kawaida na kuibandikia alama ya U+0303 inayoelea juu ya herufi. Kwa jicho lako maneno ya hawa wawili wa mwisho ni yaleyale. Kwa programu isiyosawazisha maandishi, ni maneno mawili tofauti, na ukitafuta moja hulioni jingine. Sasa jaribu kutengeneza kikagua tahajia kwa maandishi ya namna hiyo. Nusu ya kazi inakuwa kufua data kabla hata hujaanza, halafu watu wanasema eti wasemaji hawajali tahajia ya lugha yao.

Ndiyo, Microsoft walitoa bure programu ya kujitengenezea mpangilio, Keyboard Layout Creator, na inafanya kazi vizuri. Kwa kompyuta yako ya nyumbani, itumie. Ila kuuweka mpangilio huo kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na kwenye maabara ya shule mwenye nenosiri hilo mara nyingi si mwalimu wa lugha.