Sifa za Mrusha Droni Penye Kreni

Rodi Kopany, penye njia panda ya kwenda Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, jengo la ghorofa hupanda kwa mikono ya watu. Nguzo za mikalitusi hufungwa zikawa jukwaa, na karai la zege hupokezanwa fundi kwa fundi hadi juu. Kreni ya mnara haijahitajika hapa. Lakini vijana wetu wengi huenda Nairobi kutafuta mjengo, na wakipanda ghorofa za Upper Hill au Westlands, mama zao hawana mahali pa kusimama wakawaona. Droni ndiyo inayoweza kuwafikia. Ndiyo maana naisifu kazi ya mtu anayeirusha, nami naihesabu kuwa ufundi kamili.

Wengi hudhani ni kazi ya kubonyeza kitufe. Itazame kreni yenyewe kwanza: mlingoti wa chuma, mkono mrefu wa kubebea mzigo, mkono mfupi wa nyuma wenye vipande vya zege vya kusawazisha uzito, na nyaya zinazoning'inia. Vihisi vya droni huuona ukuta mapema, ila waya mwembamba vinaweza kuukosa. Chuma kingi huvuruga dira yake, na majengo marefu huziba mawimbi ya setilaiti, droni ikaanza kusogea bila kuamriwa. Mkono wa kreni nao haukai. Palipokuwa na nafasi dakika iliyopita sasa pana tani kadhaa za nondo hewani.

Kwa hiyo fundi hodari huanza kazi yake chini. Huketi na msimamizi wa mjengo akajua mizigo itapanda saa ngapi, nani anampa mwendeshaji kreni ishara, na droni itatua wapi betri ikikaribia kuisha. Husoma upepo kama mvuvi wa Homa Bay kabla ya kusukuma mtumbwi majini, maana droni nyingi ndogo zina kikomo cha upepo cha takriban mita 12 kwa sekunde, na huenda ukavuka kiwango hicho kreni ikiwa bado inanyanyua. Kreni isiyo kazini huachiwa mkono wake ugeuke na upepo, ili usisukumwe ukaangusha mnara. Anayeijua kazi huutazama mkono huo asubuhi, akajua upepo wa huko juu unaelekea wapi.

Sheria nayo imemwekea mipaka. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinamtaka awe na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, asiipandishe droni zaidi ya futi 400, yaani mita 120 hivi, wala asiisogeze chini ya mita 50 kutoka kwa mtu au jengo lisilo chini ya usimamizi wake. Jumba la KICC jijini Nairobi, lililokamilika mwaka 1973, lina mita 105 na liko ndani ya kimo hicho. Britam Tower ya Upper Hill, yenye mita 200, inakipita mbali. Hata huku kwetu, uwanja wa ndege wa Kabunde uko upande wa Homa Bay, na mwenye droni hana budi kuomba ruhusa kwanza.

Mipaka hiyo naipenda kwa sababu inamlinda aliye juu. Mfunga nondo akisikia mvumo sikioni hugeuka, na pale alipo, kugeuka ghafla kunaweza kumgharimu maisha. Mrusha droni ninayemheshimu kuliko wote ni yule anayeiacha picha nzuri ipite kwa kuwa kuipata kungemshtua mtu. Subira hiyo haionekani kwenye video, lakini bila hiyo ufundi wote ni bure.

Na mwenye subira huleta mengi. Picha zake humwonyesha mhandisi kutu au waya ulioanza kuchakaa, kabla ya mtu kupandishwa kwenda kukagua. Tena hutuonyesha mkono unaofunga chuma na mkanda wa usalama uliofungwa mahali pake. Juni 1, 2025, sherehe za Madaraka zilifanyika katika Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay, na nchi nzima iliutazama uwanja huo. Waliopanda kuunga vyuma vya majukwaa yake, ni wangapi kati yetu tunaowajua?

New York, mwaka 1932, wanaume 11 walipigwa picha wakila chakula cha mchana juu ya boriti ya Rockefeller Center. Dunia yote inaijua picha hiyo, ila wengi wao hadi leo hatuna hakika ya majina yao. Si lazima turudie kosa hilo.

Ewe unayerusha droni, ukimaliza kupiga picha, subiri wanaotaka kutambuliwa washuke. Waulize majina na kwao, uyaandike mwishoni mwa video. Nanyi wenye kampuni za ujenzi, mnapomlipa mtu aonyeshe jengo lenu, mlipeni pia aonyeshe wanaolijenga. Jengo lina jina lake mlangoni. Fundi naye anastahili lake.