Mgonjwa Mwenye Miguu Minne: Nikisoma The Friend ya Sigrid Nunez

Mwaka jana nilimdanganya mhariri wangu. Nilikuwa nimepangiwa kwenda Dodoma siku nne kuripoti vikao vya Bunge, safari niliyokuwa nikiipigania kwa muda mrefu. Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Hakuuliza ni nani, na mimi sikusema kwamba mgonjwa mwenyewe ana miguu minne, anaitwa Kahawa, na amelala chini ya meza hataki hata kunusa maji.

Nilijiona mjinga. Wiki hizohizo nilikuwa nasoma The Friend, riwaya ya Mmarekani Sigrid Nunez iliyotoka 2018 na kushinda Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huohuo. Nilikuwa nimeianza kwa sababu ni kitabu cha mwandishi kuhusu waandishi. Nikaimaliza kwa sababu ya uongo wangu, maana humo ndani nako kuna jambo linalofanana nao sana.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mwandishi wa kike, mwalimu wa uandishi anayeishi peke yake Manhattan, anafiwa na rafiki wa miaka mingi ambaye zamani alikuwa mwalimu wake. Rafiki amejiua. Mjane, mke wa tatu wa marehemu, anamwomba amchukue mbwa aliyeachwa. Sasa huyo si kijibwa cha kubeba kwapani: ni Great Dane wa kilo kama 80, ameshazeeka, ana baridi yabisi, jina lake Apollo. Nyumba ya mama huyu ni ndogo, na mkataba wa jengo unakataza mbwa. Kodi yake inadhibitiwa kisheria, kwa hiyo akifukuzwa hapati tena pa kuishi kwa bei ile. Isitoshe, yeye ni mtu wa paka.

Wengi husifu kitabu hiki kama riwaya ya msiba, na ni kweli. Lakini mimi nadhani nguvu yake iko mahali pa kawaida zaidi, kwenye ratiba. Nunez hapotezi muda kutueleza kwamba mapenzi yameingia. Anatuonyesha vitu vinavyohama nafasi. Kitanda kinachukuliwa na Apollo. Matembezi yanaenda kwa mwendo wa mzee mwenye viungo vibovu. Kusoma, ambako kwa mwandishi ni shughuli ya kimyakimya, sasa kunafanyika kwa sauti: anamsomea mbwa barua za Rilke kwa mshairi kijana, kwa kuwa amegundua zinamtuliza. Marafiki wanaingiwa na wasiwasi kwamba atapoteza nyumba. Anawasikia, anaelewa, na anabaki palepale. Mtu mwenye akili timamu anaona paa la kichwa chake likishuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili, na hakuna siku aliyokaa akaamua hivyo.

Aisee, hivyo ndivyo inavyokuwa. Mimi sikuwahi kuamua kwamba Kahawa ni muhimu kuliko Dodoma. Jirani alihama akamwacha getini, nikampa ugali uliolala na dagaa, basi. Miezi michache baadaye naamka saa kumi na moja alfajiri bila kengele, napita kwa muuza utumbo kabla ya kujinunulia chochote, na namba ya bwana mifugo naipiga mara nyingi kuliko ya mama yangu. Hili la mwisho sijivunii.

Turudi kwenye uongo. Anayemwokoa msimulizi wa Nunez ni mtaalamu wa ushauri nasaha. Anamwandikia barua kwamba ana huzuni na wasiwasi uliozidishwa na kufiwa, na kwamba mbwa ni tegemeo lake la kihisia. Kwa karatasi hiyo anabaki na nyumba na anabaki na Apollo. Mwenyewe anaona haya, anajiona tapeli. Lakini msomaji aliyefika hapo anajua kwamba barua haikudanganya. Mama huyu kweli anaumwa, anaumwa msiba, na mbwa kweli ndiye anayemshikilia asianguke. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaikumbuka sentensi yangu kwa mhariri. Nina mgonjwa nyumbani. Haikuwa na neno hata moja la uongo. Kilichokuwa na kasoro ni haya yangu.

Lakini hapohapo ndipo nilipoanza ugomvi na riwaya hii. Barua ikishafika, jengo linatoweka. Wapangaji wengine ni kama hawapo. Tatizo la mbwa linakuwa tatizo la sheria, na sheria ikimalizana naye, mlango unafungwa: mwanamke, mbwa, na wafu.

Mimi napanga Magomeni, uani tuko wapangaji watano. Mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima tunayemwita Bi Mkubwa, ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani, na kwao chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilijiandaa kufukuzwa. Akaniita, akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na kiumbe cha Mungu. Nina ugomvi na ndoo yangu." Basi nikanunua ndoo yangu na kamba. Nafagia upande wangu kabla ya adhana ya alfajiri, na mkeka wake wa kuswalia nimeujua mahali unapoanikwa. Barua ya daktari isingenisaidia kitu pale. Kilichonisaidia ni kukubalika upya kila siku. Apollo alimfungia bibi yule ndani. Kahawa alinitoa nje, akanifanya nijue saa za watu ambao kwa miaka mitatu nilikuwa nawasalimia tu nikiwa njiani.

Najua Nunez aliandika kuhusu upweke, si kuhusu uani. Hata hivyo, sehemu ya katikati ingepumua zaidi kama majirani wangechukua nafasi ya baadhi ya vipande kuhusu darasa na malalamiko ya wanafunzi, ambavyo vinajirudia.

Anachoninyamazisha ni mwisho. Msimulizi hana jina, marehemu hana jina, ila mbwa analo. Sehemu kubwa ya kitabu "wewe" anayezungumziwa ni rafiki aliyekufa. Sura ya mwisho, wakiwa karibu na bahari, "wewe" ni Apollo. Nafasi ya kwanza moyoni imehama tena, safari hii kwa neno moja tu. Nikafikiria Kiswahili chetu. Mdomoni tunamtukana mtu kwa kumwita mbwa, lakini sarufi ilishamweka mbwa upande wa watu tangu zamani: mbwa amekuja, mgeni amekuja. Mzungumzaji wa Kiingereza huwa na kuchagua kama mnyama ni kitu au ni mtu. Sisi hatukupewa nafasi hiyo ya kuchagua.

Kisome kama umewahi kufiwa, na hasa kama umewahi kuona aibu kwa sababu ya kile unachokipenda. Mpenzi wa mbwa anayetaka kuburudika tu atachoka mapema.

Kahawa alipona. Dodoma alikwenda mwenzangu, akarudi na habari iliyokaa ukurasa wa kwanza, na bado inaniuma. Wiki iliyopita nilimwambia mhariri ukweli. Alinyamaza kidogo, akavua miwani, akauliza, "Sasa hivi anakula?"